Usiku Unaanza Saa Ngapi?

Leo niwieni radhi, sina simu mpya ya kuwachambulia. Nataka tuzungumze juu ya marupurupu ya zamu, maana kila nikikutana na wenzangu wanaofanyia kazi kampuni za kigeni hapa Nairobi, mazungumzo huishia hapo.

Chukua timu inayohudumia wateja wa New York. Kule wanafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Wakati wao wa baridi, kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Ikifika Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, nasi tunamaliza saa sita usiku. Novemba wanazirudisha nyuma. Sisi huku Ikweta saa zetu hazisogei, ila maisha yetu ndiyo husogezwa.

Sasa, katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi (jina niachieni), sera ilitoka makao makuu ikisema hivi: zamu ya usiku ni ile inayoanza saa nne usiku au baadaye. Basi. Anayeingia saa nne analipwa marupurupu ya zamu nzima. Anayeingia saa kumi na moja jioni na kutoka saa saba usiku, akitafuta teksi kwa pesa zake, hapati hata shilingi.

Tulipolalamika, idara ya wafanyakazi ilitujibu kwamba programu ya mishahara haiwezi kuhesabu saa moja moja. Jamani! Programu hiyo mimi nilikuwa miongoni mwa walioitengeneza. Saa ya kuingia imo, saa ya kutoka imo. Kilichobaki ni kutoa tu. Ni mistari minne ya kodi, mitano ukitaka kuandika maelezo. Kompyuta haikukataa kitu, iliambiwa iangalie saa ya kuingia peke yake.

Ndipo nikaanza kusoma sheria. Kanuni za jumla za mishahara hapa Kenya zinaweka saa 52 kwa wiki kwa kazi ya kawaida, na saa 60 kwa kazi ya usiku. Yaani anayekesha anaweza kufanyishwa saa nyingi zaidi! Muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu, lakini nyongeza ya usiku wenyewe imeachiwa mkataba.

Majirani zetu Watanzania waliliandika wazi katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi humo huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zamu yetu ile ile ikihamishiwa Dar es Salaam ingehesabiwa saa 5 za usiku wakati wa baridi ya New York, na saa 4 baada ya Machi. Hapa kwetu, sufuri.

Niliandika ile mistari minne, nikaijaribu kwa orodha ya zamu za mwezi mmoja, nikaituma kwa idara pamoja na barua iliyosainiwa na timu yote. Sikujibiwa kuhusu kodi. Tulichojibiwa ni kwamba suala hilo si la kiufundi tena, sasa ni la bajeti. Angalau hapo tulikuwa tunabishana juu ya kitu chenyewe.