Nilimshuku Mume Wangu, Nikailaumu LUKU

Msomaji, kama na wewe mwaka 2024 uliwahi kusimama mbele ya mita ya umeme saa mbili usiku, mwanga wa simu ukiwa umeubana kwa kidevu, unabonyeza tarakimu 20, halafu 20 nyingine, halafu 20 za umeme wenyewe, basi sisi ni ndugu. Ile ndiyo apdeti ya kwanza maishani niliyoifanya kwa vidole vyangu mwenyewe. Na ndiyo niliyoisingizia mambo mazito, mpaka leo nikipita pale ukutani naona aibu kidogo.

Lakini ngoja nianze na mkoko.

Tunaishi Mtendeni, hapa Tabora mjini. Mwanzoni mwa 2024 mimi na Baba Watoto tulinunua gari la umeme. Dogo, jeupe, la Kijapani, la mwaka 2016, lililokwisha kula chumvi huko kwao. Mkopo ulikuwa wa SACCOS ya ofisini kwangu, kwa jina langu, miezi 48, unakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Yeye alilipa ushuru na usafiri kutoka bandarini. Kusema ukweli mimi nilitaka gari la kawaida, lenye kunywa petroli kama magari ya watu. Ni yeye aliyenikalisha na kalamu na karatasi. Petroli ilikuwa imepita shilingi elfu tatu kwa lita. Uniti moja ya umeme, ukiweka na kodi zake, inakuja kama shilingi 356, na gari hilo linakwenda kilomita sita au saba kwa uniti moja. Mimi ni mhasibu. Namba zikisema kweli huwa nanyamaza.

Lililetwa juu ya lori, maana kwa betri ile lisingefika hata Morogoro kwa miguu yake. Lilitumia siku tatu. Mume wangu akawa anawatania majirani kwamba Stanley mwaka 1871 alitumia miezi mitatu kutoka Bagamoyo mpaka hapa, tena na msururu wa wapagazi, kwa hiyo sisi tusilalamike. Fundi akatuvutia laini ya peke yake kutoka kwenye mainswichi, tukawa tunalichaji usiku kama simu. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mama mkwe alikataa kulipanda wiki mbili, anasema gari lisilonguruma litakuja kumgonga mtu ambaye hakulisikia. Hakukosea sana.

Sasa hapo kwenye akili za gari. Kila ukiliwasha, sauti ya mwanamke inaongea Kijapani, kwa adabu, kama mhudumu wa ndege. Tulikaa nayo mwezi mzima tukidhani anatutakia safari njema, mpaka siku moja niliishika simu itafsiri. Kumbe alikuwa anatukumbusha kwamba hatujaweka kadi ya kulipia barabara za kulipia za Japani! Asubuhi zote hizo, Mtendeni, Tabora. Ramani yake nayo inaishia Japani. Ukiifungua unaona mshale umesimama kwenye weupe mtupu, hakuna Tabora, hakuna Tanzania, hakuna hata ziwa.

Wenzetu wanalala na gari moja wanaamka na jingine. Desemba 2023, kule Marekani, Tesla iliyarudisha kwa marekebisho magari zaidi ya milioni mbili kwa sababu ya mfumo wake wa kumsaidia dereva, na marekebisho yenyewe yakatumwa hewani, gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Letu halina bahati hiyo. Mtandao lililozaliwa nao uko ng'ambo, na kompyuta ya kuliboresha haipo mtaani kwetu. Limebaki na akili ileile lililotoka nayo Japani. Likiona mstari wa barabara linapiga kelele ukiuvuka. Kwenye barabara za vumbi ambako mstari haupo linakaa kimya kama mgeni aliyekosa la kusema. Ng'ombe haliwajui kabisa. Hapo nililisamehe niliposoma kwamba mwaka 2017 hata Volvo, kampuni inayosifika kwa usalama, ilisema mfumo wake wa kutambua wanyama ulikuwa unachanganywa na kangaroo wa Australia, kwa vile mnyama akiwa hewani gari linashindwa kujua yuko umbali gani. Kama Volvo wanashindwa na kangaroo, sisi na ng'ombe wa Kinyamwezi ni nani?

Basi bwana. Tulikwenda vizuri miezi kadhaa. Nilikuwa nikinunua umeme wa elfu ishirini, uniti 56 hivi, unatusukuma siku nane: taa, friji, pasi, feni na gari la mtu anayekwenda kazini kilomita tano na kurudi. Hesabu hii niliijua kama jina langu.

Ikaja ile apdeti ya mita. Nikaingiza tarakimu zangu, mita ikakubali, tukalala. Wiki iliyofuata, umeme wa elfu ishirini ukaisha siku ya nne asubuhi, chai haijachemka. Nikanunua tena. Siku tatu na nusu. Nikaona sasa huu ni wizi. Ofisini kila mtu alikuwa na kisa chake: mita imeboreshwa, imekuwa na kasi, inakula uniti kama mchwa. Nikasadiki. Nikatoka saa ya chakula cha mchana kwenda kulalamika, risiti zangu zimepangwa kwa tarehe.

Dada wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza. Zile namba za umeme tunazonunua hubeba ndani yake muda zilipotengenezwa, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Nafasi ya kuhesabia dakika hizo ingejaa tarehe 24 Novemba 2024, si kwetu tu, ni kwa mita zote za aina hiyo duniani. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya hapo ingekataa namba mpya. Apdeti ilikuwa inarudisha ile hesabu ya dakika mwanzo. Haigusi kasi ya mita hata kidogo.

"Dada," akaniambia kwa upole, "hakuna kitu kipya kinachotumia umeme nyumbani?"

Nikasema hakuna. Nikafika mlangoni, miguu ikawa mizito.

Jioni ile nilisubiri Baba Watoto aingie kuoga, nikaenda kwenye gari na risiti ya LUKU. Nikaliwasha, dada wa Kijapani akadai kadi yake, nikaandika odomita nyuma ya risiti. Kesho yake nikarudia. Kilomita 71. Siku iliyofuata, 64. Siku ya tatu, 78. Mtu anayekwenda kazini kilomita tano! Anaondoka saa moja na nusu, shati limenyooka, kanibusu, kachukua chakula chake cha mchana.

Shosti yangu, hapo kichwa changu hakikuhitaji kompyuta. Nyumba ndogo. Nilishaipanga yote: anakaa Ipuli, au Sikonge kabisa, kajaza sofa nyekundu, anapikiwa kuku wa kienyeji kwa umeme wa mshahara wangu. Nilipekua mifuko. Nilinusa kola. Nilikuta harufu ya vumbi na maembe, na kwenye kiti cha nyuma nikaokota hereni. Hereni! Sikulala. Rafiki yangu mmoja akanishauri niweke kifaa cha kufuatilia gari, kinauzwa tu, unaona kila linapokwenda kwenye simu. Nilikaribia kukinunua. Kilichonizuia si uungwana, msomaji, ni kwamba mshahara ulikuwa umebaki elfu kumi na tatu.

Jumapili nikamwambia twende Kwihara tukapunge upepo, watoto wakabaki kwa wifi. Kwihara pana ile nyumba ya udongo walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa makumbusho, na njiani kuna miembe mikubwa ambayo wazee wanasema ilianza na misafara. Ni mahali alipokuwa akinipeleka kwa baiskeli wakati tunachumbiana. Nilitaka pajue.

Tumetoka mjini kidogo, nikachomoa risiti, nikasoma. "Jumatatu, sabini na moja. Jumanne, sitini na nne. Jumatano, sabini na nane. Ulikuwa wapi?"

Akageuza shingo kunitazama. Sio sekunde moja, ni zaidi. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Barabara hakuwa nayo mtu.

Gari likapiga ukelele, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na likajifunga breki lenyewe. Mkanda ulinikata kifua. Mkoba ukaruka mpaka kwenye kioo. Mbele yetu, kama hatua mbili, mzee alikuwa anavuka akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Hakusikia chochote kutoka kwetu, kama mama mkwe alivyosema. Akatuangalia kama watu waliosimama kwa heshima tu, akasema, "Mwangaluka," akaendelea na safari yake.

Hakuna aliyeitikia. Mikono ya mume wangu ilikuwa inatetemeka kwenye usukani. Akalisogeza gari taratibu mpaka chini ya mwembe, akalizima. Dakika kadhaa hakusema kitu. Halafu akasema, "Kazi imeisha."

Mradi aliokuwa akifanyia ulifungwa, mkataba haukuongezwa. Ilikuwa imepita miezi miwili. Asubuhi zote zile alikuwa anaondoka na shati la ofisi, anavua tai kwenye kona, anakwenda stesheni kupokea abiria wa treni ya Kigoma na ya Mwanza, anawapeleka watu uwanja wa ndege, Tumbi, Kitete hospitali, anabeba akina mama na matenga ya maembe. Hereni ilikuwa ya abiria. Pesa aliyokuwa akinipa mwisho wa mwezi na kuiita mshahara ilikuwa ya hao.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu akitazama kioo, "Mkopo ni wa jina lako. Ningekuambiaje kwamba nimekuachia deni peke yako?"

Sitakudanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika kuliko nilivyokuwa nimekasirika kwa ajili ya yule mwanamke wa sofa nyekundu. Huyo angalau nisingekuwa nimempakia chakula cha mchana miezi miwili nikimtakia kazi njema. Nilishuka, nikatembea mpaka nilipochoka, naye akanifuata polepole na gari, kimya, na mimi najua yuko nyuma kwa sababu tu ya mlio wa kokoto chini ya matairi. Makumbusho hatukufika. Baadaye nikapanda, maana jua la Tabora la saa sita halijali mtu ana hasira.

Usiku tulikaa na kalamu na karatasi, kama ile siku ya kwanza. Siku nzuri analaza elfu thelathini. Siku mbaya kumi. Umeme wa kilomita 70 haufiki elfu nne mia tano. Kwa petroli angekuwa ameshakula zaidi ya mara tatu ya hapo, asingebaki na kitu. Betri nayo inachoka: vijiti vya uhai wake vilikuwa kumi tuliponunua, sasa ni tisa, na joto letu halivisaidii. Safari ya Urambo hawezi kuikubali, maana akifika hana hakika ya kurudi bila kulala na waya wa mtu. Hayo yote niliyaandika. Kuna mstari mmoja ambao sikujua niuweke upande gani, wa ile miezi miwili, nikauacha wazi.

Rafiki yangu yule wa kifaa cha kufuatilia aliposikia alicheka, akasema na mume wangu alihitaji apdeti. Nikacheka naye, kwa adabu. Lakini sikupenda. Mita ilipewa tarakimu 40 ikawa mpya papo hapo; mimi ilinichukua mpaka mvua za mwaka uliofuata kuacha kunusa kola.

Siku hizi anatoka na fulana, saa kumi na moja alfajiri, kuwahi treni. Ile kelele ya mistari ya barabara tumeizima, ya breki tumeiacha. Dada wa Kijapani bado anadai kadi yake, na mdogo wetu wa miaka minne humjibu kwa sauti, "Hatuna!" Risiti za LUKU sasa anaweka yeye kwenye kopo jikoni. Jana alirudi usiku, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hajavua viatu akasema, "Themanini na tatu," nami nikasogeza sahani.