Makala yangu ya kwanza ilikuwa ya kufukuza wakimbizi

Ndugu wasikilizaji wa Kalemie, na ninyi jamaa mlioko kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya samaki. Leo ninaungama.

Mwaka 2017 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari hapa mjini. Vita kati ya Wabatwa na Waluba ilikuwa imechoma vijiji vingi vya Tanganyika, na familia zilizokimbilia Kalemie zililala hata kwenye shule. Kwetu pia. Asubuhi tulikuta mikeka na sufuria ndani ya kalasi. Madawati nayo yalikuwa yanapungua moja moja: yaligeuka kuni.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alitaka kila mmoja aandike makala ya kushawishi kwa gazeti la shule, lile tulilobandika ukutani karibu na mlango. Niliandika kurasa mbili kwa hasira: watoke! Niliwaita wavamizi. Wenzangu walinipigia makofi.

Mwalimu alisoma, akanirudishia bila kunipa pointi. "Umemshawishi nani? Wenzako walikuwa wamekubali tangu jana. Nenda kamuulize yule mama kwa nini anachoma dawati."

Nilikwenda nimenuna. Mama alikuwa anapika bukari. Alinijibu bila ugomvi: "Mwanangu, kuni ziko porini. Na porini ndiko walikomuulia mume wangu."

Sikumuuliza kabila lake. Alinionyesha binti yake, amechuchumaa nje ya dirisha la kalasi ya tano ya msingi, akinakili ya ubaoni kwa kijiti kwenye mchanga. Pesa ya shule hawakuwa nayo.

Usiku ule nilianza upya. Safari hii niliandikia kamati ya wazazi, maana wao ndio wangeweza kuamua. Matusi niliyaacha. Niliomba patano moja: familia zitoe vitu kalasini kila siku kabla ya saa moja asubuhi na kulinda madawati, na watoto wao wa msingi waingie kusoma bila kulipa.

Nilijua wazazi watauliza: "Na sisi tunaolipa, je?" Nikawajibu mapema: kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Wakati ule kilikuwa maneno ya karatasi tu. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Nikaeleza pia habari ya kijiti na mchanga, bila kutaja jina la mtoto.

Hatukupata yote. Wazazi wengine walikasirika, na shida ya kuni haikuisha. Lakini watoto kadhaa waliingia, binti yule akiwa mmoja wao, na madawati yaliyobaki hayakuguswa tena.

Siku hizi mnaniletea barua kuhusu maji, maturubai na masomo ya watoto. Nyingine zina uchungu wa kweli, lakini hazijulikani zinamwendea nani. Kabla ya kuandika, jiulizeni: ni nani mwenye uwezo wa kuamua? Tunamwomba jambo gani hasa? Atakataa kwa sababu gani, na tutamjibu nini?

Mkishapata majibu, leteni barua. Nitaisoma.