Jani Bivu la Mkungu



Neno vuli lina maana mbili, na baina ya maana hizo pana bahari. Kwetu sisi watu wa pwani, vuli ni mvua za kuanzia Oktoba hadi Disemba, zinapolegea pepo za kusi na kabla kaskazi haijashika. Katika vitabu vya shule, neno hilohilo limebebeshwa majira ya nchi za baridi, wakati siku zinapofupika na miti ikapukutisha majani yake. Kwetu ardhi huota. Kwao miti hujivua. Oktoba ya mwaka jana binti yangu, aliyeolewa Birmingham, Uingereza, alinipelekea vuli ya huko katika simu: picha za majani ya manjano na mekundu yaliyotanda njia apitayo akimpeleka mwanawe shuleni.

Nilimwonyesha mama yangu. Umri wake umepita miaka 80, na tangu avunjike nyonga hatoki tena uwanjani. Dunia yake imekuwa kitanda, msala na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Aliisogeza simu karibu na macho, akatazama kwa kituo, kisha akasema: "Mazuri, mashallah. Mkungu wetu nao huvaa hivi. Siku ukianza, mwanangu, niletee niuone."

Ombi la mzazi ni amri. Kiangazi cha kaskazi kilipoingia na mkungu wa uwanjani ukaanza kuiva majani, nilianza kazi ambayo sijaiacha mpaka leo. Kila siku baada ya sala ya Alfajiri hutembea hadi Mama Ngina, pale kisiwa chetu cha Mombasa kinapotazama mlango wa Kilindini, na nirudipo hupita uwanjani kwetu. Katika matembezi hayo humpigia mama picha moja, au mbili zikizidi. Mkungu hauna adabu ya majira kama miti ya Ulaya. Huweza kujivua hata mara mbili kwa mwaka, na jani lake jekundu likaanguka ilhali jani jingine bichi lachomoza juu ya tawi hilohilo. Mibuyu ya Mama Ngina nayo, ukame ukizidi, huvua nguo zote ikabaki na matawi matupu, mfano wa mizizi iliyogeuzwa juu. Basi hatukunyimwa mpukutiko. Tumepewa wa kwetu, na ni wajibu wetu kuutazama.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza: Sheikh na picha? Wanazuoni wamekhitalifiana katika picha za viumbe wenye roho, na khitilafu hiyo ina heshima yake. Ama miti, jambo lake ni jepesi. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, radhi za Allah zimshukie, alipojiwa na mchoraji aliyekuwa akila kwa kazi ya mikono yake, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hata hivyo adabu ni lazima. Mimi siinui simu mpaka njia iwe tupu. Simpigi mtu asiyeniruhusu, wala mlango wa mtu, wala kamba ya nguo iliyoanikwa.

Ufundi wenyewe si mkubwa. Kioo cha simu hupanguswa kwanza, kwa maana hewa ya bahari huacha chumvi juu yake. Wakati mwema ni ule jua lingali chini, kabla halijawa kali. Jani likiwa bado mtini, simama hivi kwamba mwanga ulipige kwa nyuma, nawe utaona mishipa yake yote kama mistari ya kiganja. Likiwa limeanguka, inama mpaka lilipo. Magoti yangu ya miaka hamsini na kitu hulalamika, lakini jani la chini halionekani na mtu aliyesimama wima.

Katika kulitazama huko nimejifunza jambo ambalo wataalamu wa mimea walikwisha kulieleza. Ukijani wa jani hutokana na kitu kinachoitwa klorofili, ambacho hukamata mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Jani linapokaribia ajali yake, mti hurudisha kwenye matawi na shina kile kinachofaa kuhifadhiwa, na klorofili huvunjika. Hapo rangi ya manjano hudhihiri. Rangi hiyo haikuja siku ile. Ilikuwamo tangu jani lilipokuwa changa, imefunikwa na ukijani wa kazi. Kisha penye kikonyo huumbika utando unaolitenga jani na tawi, na upepo mdogo hulichukua. Aya ya 59 ya Suratul An'am inatuzindua kwamba hata kuanguka huko kumo katika ujuzi wa Mola.

Nalisema hili kwa sababu nyumbani kwetu nimeliona kwa macho. Mama alikuwa mwanamke wa kazi. Alishona kofia za vito, akapika, akalea, akawazika wenziwe, na katika shughuli hizo hakuwa na wasaa wa maneno mengi. Sasa nguvu imerudi ilikotoka, na kumbukumbu nayo inamwacha kidogo kidogo. Majina ya wageni humpotea. Lakini nikimwonyesha picha ya mkilifi, ya mzambarau, ya mrehani katika kopo, kila mti huutaja kwa jina, na kwa kila jina hutoka kisa ambacho sisi watoto wake hatukuwahi kukisikia.

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari niliingia na picha yangu. Alinitazama, akaniuliza kwa upole, kama amwulizavyo mgeni: "Wewe ni mtoto wa nani?" Nilimjibu, "Mimi ni mwanao, mama." Alitikisa kichwa kwa adabu, wala hakusadiki. Nikampa simu. Alilitazama lile jani jekundu, uso ukachangamka. "Huu ni mkungu wa uwanjani," akasema. "Mume wangu aliupanda siku niliyotoka arubaini ya mtoto wetu wa kwanza. Mtoto mwenyewe alikuwa mlizi, halali usiku wala mchana. Lakini nilimpenda, wallahi, hata kilio chake nikikipenda."

Mtoto huyo ndiye mimi. Sikumkatiza. Nilikaa chini kando ya kitanda nikasikiliza habari zangu kutoka kwa mama asiyenijua, na katika miaka yangu yote sikupata kuambiwa neno hilo kwa ulimi wake.

Mama zangu na dada zangu, kila nyumba ina mtu ambaye ukijani wake umeanza kuondoka. Tumezoea kumwona kwa hesabu ya kile asichoweza tena: hatembei, hakumbuki, hali bila kulishwa. Nawausia mtafute kilichokuwamo siku zote na sasa kimepata nafasi ya kuonekana. Si lazima muwe na simu ya bei kubwa, wala muende mbali. Upo mwasumini wenu jioni unapofungua maua, ipo rihani mnayochuma kwa ajili ya kikuba, lipo kungu bivu ambalo watoto wameliokota ili wapasue kokwa. Mpigieni mzee picha, au mleteeni ua lenyewe mkononi alinuse. Kisha kaeni. Picha isiyoketiwa ni karatasi tu, na mzee aliyetupiwa simu ili anyamaze hakutazamwa.

Wala tusidanganyike kwamba picha huzuia kitu. Majani niliyoyapiga Januari yamekwisha kufagiwa, na uwanja umejaa mengine. Ninachokipata ni siku ya leo na neno moja zaidi kutoka kinywani mwa mama, kabla upepo haujapita. Kwa hilo nashukuru, na kesho, Mungu akinijaalia uhai naye akimjaalia, nitatoka tena baada ya Alfajiri.

Wabillahi tawfiq.