Shilingi Mia Tano

Kwa kizazi changu hapa Pwani ya Kusini, kuanzia Likoni hadi Ukunda, Diani na Msambweni, manowari ya Kimarekani ilikuwa habari ya biashara kabla ya kuwa habari ya siasa. Ikitia nanga Kilindini, wenye teksi walijua, wenye baa walijua, na hoteli za Diani zilizokuwa zikiongezeka ufuoni zilijua. Mabaharia walivuka kwa feri kuja kuota jua, na wasichana wa upande wetu walivuka kwenda Mombasa kutafuta dola. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilikubali majeshi ya Marekani yatumie bandari ya Mombasa pamoja na viwanja vya ndege vya Embakasi na Nanyuki. Marekani ilikuwa imempoteza rafiki yake Shah wa Irani, Warusi walikuwa wameingia Afghanistan, na Bahari ya Hindi ikapanda thamani. Tuliambiwa fedha zitakuja, na kweli zilikuja. Lakini mwaka huohuo Monica Njeri, mama wa watoto wawili, aliuawa Mombasa na Frank Sundstrom, kijana wa miaka 19 wa Jeshi la Majini la Marekani. Sundstrom alikiri kosa la kuua bila kukusudia. Jaji Leslie Harris alimtaka atie saini dhamana ya shilingi 500 kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili, kisha kijana akarudi kwao.

Nimeirudia hukumu ile mara nyingi, na kila nikiirudia naona kwamba tumekuwa tukiisimulia vibaya. Tunaisimulia kama kisa cha askari mgeni aliyeikwepa sheria yetu. Hakuikwepa. Alikamatwa na polisi wa Kenya na akasimama mbele ya mahakama ya Kenya, ambayo ndiyo iliyotoa hukumu. Wabunge walipiga kelele, magazeti yaliwaka, wanawake walilalamika kwa sauti ambayo haikuwa kawaida enzi zile, na wengi walionyesha kwa kidole kwamba jaji na kiongozi wa mashtaka walikuwa Wazungu, miaka 17 baada ya uhuru. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo mtuhumiwa alikuwa mikononi mwetu. Kilichokosekana ni thamani ya aliyekufa. Shilingi 500 wakati ule ilikuwa kama dola 70 hivi, na kwa kuwa ni dhamana, si fidia, haikuwa malipo kwa watoto wa marehemu. Sisi tuliolelewa katika Uislamu tulifundishwa dia ya ngamia 100, inayopelekwa kwa warithi wa marehemu. Simaanishi kwamba mahakama ile ingefuata dia. Nasema tu kwamba jamii yetu ilikuwa na kipimo chake cha uzito wa damu, na kila aliyekitumia aliona mara moja kwamba kule Mombasa kilichopimwa kilikuwa kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa kazi ya marehemu. Aliitwa malaya, na neno hilo likafanya kazi mahakamani bila kuapishwa. Hapa lazima tujitazame na sisi watu wa Pwani, kwa sababu Harris hakuwa peke yake. Wapo wengi huku kwetu walionong'ona kwamba alikuwa mtu wa bara, amekuja mwenyewe kutafuta dunia, hakuwa binti wa mtu wa hapa. Mwaka 1983 baharia mwingine wa Marekani alishtakiwa kwa kumuua mwanamke mwingine Mombasa, kesi ikaisha kwa kuachiliwa huru, na manong'ono yakawa yaleyale. Tuliamini ubaya ule ungebaki ng'ambo ya feri. Haukubaki. Mwaka 2006 utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya ulikadiria kwamba kati ya wasichana 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono. Hao ni watoto wetu, na wengi wa wanaowatumia si askari hata kidogo, ni watalii na wenyeji. Neno lililompunguzia Njeri thamani lilikuwa limeshavuka maji zamani, likakaa Ukunda.

Ushahidi mwingine ninaourejea ni wa mwaka 1987. Mwanzoni mwa mwaka huo jeshi la Uingereza, ambalo askari wake hufanya mazoezi Kenya tangu uhuru na walizoea kuteremka Pwani kupumzika, liliwakataza wasije Mombasa na Malindi kwa kuogopa UKIMWI. Serikali yetu ilikasirika, ikasema utalii unaharibiwa. Mimi linalonigusa ni jingine. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiambiwa kwamba askari akishapewa likizo haongozeki, kwamba vijana ni vijana. Kumbe wakubwa wao wanaweza kuandika amri moja na ufuo mzima ukafungwa. Amri iliandikwa kuwalinda askari dhidi ya wanawake wetu. Kwa ajili ya kuwalinda wanawake wetu dhidi ya askari haikuandikwa, na serikali yetu nayo haikuomba.

Mabadiliko yalianza mbali na sisi, Samburu na Laikipia. Mwaka 2002 wafugaji zaidi ya 200 waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi walilipwa na Uingereza fidia ya pauni milioni 4.5. Mwaka uliofuata yakaja mamia ya madai ya wanawake waliosema wamebakwa na askari wa Kiingereza tangu miaka ya 1960. Polisi wa jeshi hilohilo ndio waliochunguza, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kisha ikaja kesi ya Agnes Wanjiru wa Nanyuki, msichana wa miaka 21 mwenye mtoto mchanga, aliyepotea Machi 2012 baada ya kuonekana hotelini pamoja na askari wa Kiingereza. Mwili wake ulipatikana zaidi ya miezi miwili baadaye katika shimo la maji taka la hoteli hiyo. Mwaka 2019 Hakimu Njeri Thuku, baada ya uchunguzi wa mahakama, alisema wazi kwamba aliuawa, na kwamba waliohusika ni askari wa Uingereza. Wanjiru naye alisemwa kwamba anauza mwili. Safari hii mahakama haikulitumia neno hilo kumpunguza. Ila aliyetakiwa kujibu hakuwepo. Alikuwa ameshapanda ndege miaka mingi nyuma.

Hivyo ndivyo ninavyouona mwendo wa miaka 45. Kwanza tulikuwa na mtuhumiwa bila thamani ya marehemu, baadaye tukapata thamani ya marehemu bila mtuhumiwa. Vyote viwili kwa pamoja ndiyo kwanza tunavikaribia: Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hati ya kumkamata askari wa zamani wa Uingereza kwa mauaji ya Wanjiru, na Novemba akakamatwa huko kwao, akapinga kuletwa Kenya. Anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kumfikisha mbele ya jaji si kumhukumu. Ndiyo sababu hasa nataka afikishwe.

Najua yanayosemwa kunijibu. Kwamba askari hawa wanaleta ajira, na wahalifu ni wachache. Ni kweli, ila uchache wa wahalifu ungerahisisha kuwatoa, si kuwaficha. Kwamba tunawahitaji kwa usalama: Januari 2020 Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, waliokufa walikuwa Wamarekani watatu, na damu yao siidharau. Lakini Kwale inajua tofauti ya askari adui na askari mgeni. Agosti 1895 Admirali Rawson wa Uingereza alipandisha wanamaji wake hadi Mwele kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid, na hakuna aliyetarajia haki kwake. Anayekuja leo kwa mkataba amekaribishwa, na mgeni aliyekaribishwa hufuata desturi ya nyumba.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba vyombo vyetu wenyewe vimetutendea mabaya zaidi. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, msako wa polisi na askari uliingia Likoni na Matuga, watu wakapigwa na kuteswa, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika yote. Wadigo wengi bado wanaikumbuka miezi ile kwa uchungu kuliko manowari yoyote. Sina jibu la kuipunguza hoja hiyo, wala sitaki kuipunguza. Aliyezoea kuona polisi wa nchi yake wakipiga bila kuulizwa hawezi kwenda kituoni kumshtaki baharia, na baharia hilo analijua. Askari wa nje anapata mwanya uleule ambao wa ndani aliufungua.

Ndiyo maana sioni kwamba kazi hii ni ya Nairobi na London peke yao. Meli za kivita bado zinafika Mombasa kwa ziara na mazoezi ya pamoja kama Cutlass Express, na manowari haikai miaka kama kambi ya Nanyuki. Hukaa siku chache, ikaondoka na kila aliyemo. Msichana aliyeumizwa Diani usiku wa Ijumaa anahitaji daktari wa Msambweni amchukue vipimo kabla ya Jumatatu, fomu ya polisi ya P3 ijazwe bila kuombwa chochote, na polisi wa Diani wawe na mtu wa kumpigia simu bandarini mwenye mamlaka ya kumzuia mtuhumiwa asipande meli. Mkataba wa ulinzi na Uingereza ulizua mjadala mkali bungeni mwaka 2023 juu ya nani amhukumu askari aliyeua. Mjadala huo ulihitajika. Ibaki sasa kaunti ya Kwale na ya Mombasa kudai kwa maandishi kwamba kila meli inayoomba kutia nanga Kilindini itaje, kabla ya mabaharia kushuka, ofisa atakayewajibika kumkabidhi yeyote anayetafutwa na polisi wetu, na namba yake ibandikwe ukutani kituo cha Diani na hospitali ya Msambweni.