Mchinjaji wa Merikit

Kwetu Merikit, wilayani Tororo, nyumba za Waislamu zilikuwa za kuhesabika. Wenyeji wake, Wateso, wengi ni Wakatoliki na Waanglikana. Hata hivyo mnyama wa harusi, wa matanga au wa bucha hakuchinjwa mpaka aitwe Mwislamu, maana ndiyo desturi ya sehemu kubwa ya Uganda: achinje yule ambaye nyama aliyoichinja kila mgeni anaweza kuila. Pale kwetu aliyeitwa ni baba yangu. Alikwenda na kisu chake hata kwenye sherehe za kipaimara, akachinja, akapewa fungu lake, kisha akaketi karibu na wazee waliozunguka chungu cha ajon, pombe ya ulezi, na mirija yao mirefu. Yeye hakunywa, lakini maongezi hayakumpita. Hivyo kabla sijajua sura nyingi za Kurani, nilijua kwamba watu wasio wa dini yetu walituamini kuhusu kile wanachokitia kinywani.

Baba alinieleza kwamba imani hiyo iliwahi kutikisika. Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972, maduka yao yaligawiwa watu wa karibu na serikali, nao wakaitwa mafutamingi. Mwaka huohuo likaundwa Baraza Kuu la Waislamu la Uganda, na mwaka 1974 nchi ikaingizwa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ilhali Waislamu ni wachache. Basi aliyevaa kofia na kanzu alihesabiwa kuwa mtu wa serikali. Baba hakugawiwa duka. Aliuza ng'ombe, na siku za magendo alivuka mpaka wa Kenya pale Busia kutafuta sabuni na chumvi kama jirani zake.

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, hasira iliyokuwa imezibwa na hofu ilifumuka. Huko Ankole, magharibi mwa nchi, Waislamu wa vijijini waliuawa na majirani kwa madhambi ya utawala wa Amin ambao wengi wao hawakuufaidi hata kidogo. Nyumbani kwetu hakuguswa mtu. Kwa maelezo ya baba, wazee walikaa wakaulizana huyu ametudhulumu nini, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Waliuliza kuhusu mtu mmoja na matendo yake, hawakuuliza kuhusu kofia. Nimekuja kuona kwamba watu wengi katika nchi zetu hizi wamekufa kwa kukosa kuulizwa swali hilo.

Mimi nilikua katika miaka ya utulivu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale, safari fupi tu kutoka kwetu, na baadaye nikasomea ualimu pale. Wakristo walisoma pamoja nasi. Wanafunzi wa Kenya na Tanzania walipitia Busia na Malaba na masanduku yao, Kiswahili kikajaa mabwenini. Mjini Mbale, hijabu yangu ilimfanya mwenye duka aniulize ninasomea nini.

Kisha ikaja tarehe 11 Julai 2010. Watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu yakalipuka katika uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village kule Kabalagala. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia walijigamba kwamba wamelipiza kisasi kwa sababu ya majeshi ya Uganda yaliyokuwa Somalia tangu 2007. Wakati huo nilikuwa nikifundisha Busia, na nililia kama walivyolia wenzangu ofisini. Ila mimi sikuachiwa nafasi ya kuomboleza tu, nilitakiwa pia kujieleza.

Hijabu ileile sasa ilileta maswali mengine. Nikivuka mpaka, askari alinisimamisha kando huku abiria wengine wakipita. Nikiingia kwenye matatu, aliyekaa karibu nami aliutazama mkoba wangu kabla ya kunitazama usoni. Desemba mwaka huohuo bomu lilipolipuka Nairobi kwenye basi lililokuwa likielekea Kampala, hofu ikahamia katika barabara yetu wenyewe. Wasomali walioendesha malori na kuuza nguo walishushwa, wakapekuliwa, wakaambiwa waoneshe vitambulisho tena na tena. Methali ya samaki mmoja akioza niliisikia sana miaka ile, sokoni hata kanisani, na kila aliyeisema alijiona ana busara.

Upande wetu nao uliingiwa na woga. Washukiwa kadhaa wa mabomu ya Julai walikamatwa Kenya wakavushwa hadi Uganda bila kusikilizwa kwanza na mahakama ya kwao. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki za Waislamu kutoka Kenya, alikuja Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi hiyo, akakamatwa mwenyewe, akakaa gerezani mwaka mzima mpaka mashtaka yakafutwa. Baada ya hapo watu pale Busia walifuta namba za ndugu zao kwenye simu. Aliyesikia jambo baya msikitini aliogopa kulisema, asije akageuzwa yeye kuwa mshukiwa. Kwa njia hiyo serikali ilijinyima masikio ya watu ambao wangeweza kuisaidia.

Huko Kenya yakafuata mashambulizi ya duka kubwa la Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa na Wakristo walitengwa ili wapigwe risasi. Kule Tanzania, Februari 2013, mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, mkoani Geita, katika ghasia zilizotokana na ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja. Habari hiyo ilitugusa mahali penyewe. Vijana wa makanisa mapya wakaanza kusema kwamba nyama iliyosomewa bismillahi si chakula cha aliyeokoka.

Siku moja mama wa bwana harusi alifika nyumbani amejifunga leso kichwani, akapiga magoti kumsalimu baba.

"Papa, watoto wamekataa. Wanataka kuchinja wenyewe."

"Wachinje, binti yangu," baba akasema. "Kwani harusi si ya kwao? Mimi nipikieni maharage, nitakuja."

Alikwenda. Alikula maharage kwa mkate wa ulezi, akawaombea maharusi dua, na wazee wakampisha kiti chake cha siku zote. Lakini tangu hapo kila sherehe ilikuwa na mashauriano, na baba alijua kwamba kisu chake sasa kinajadiliwa.

Kilichonipa nguvu ni hukumu ya Mei 2016. Jaji Alfonse Owiny-Dollo, katika kesi ya mabomu ya Kampala, aliwatazama washtakiwa 13 mmoja mmoja. Saba aliwatia hatiani kwa ugaidi na mauaji, wa nane kwa kosa dogo zaidi, na watano akawaachia kwa sababu ushahidi haukuwafikisha huko. Watano hao walikamatwa tena papo hapo, na hilo liliniuma. Bado hukumu ilikuwa imeandikwa: mahakama haikufuata methali ya samaki. Wote walikuwa Waislamu, na dini yao haikumfunga wala kumwokoa hata mmoja.

Sisi Waislamu nasi tuna deni. Masheikh wa Uganda wamepigwa risasi katika miaka hii, akiwemo Sheikh Hassan Kirya mwaka 2015. Kundi la waasi la ADF lililohusishwa na mabomu ya Kampala ya Novemba 2021 chimbuko lake ni Uganda, miongoni mwa vijana waliofundishwa na watu wa dini yetu. Haitoshi kusema hao si Waislamu. Siku hizi msikitini kwetu ustadhi mgeni huulizwa alikosoma na anachofundisha, tena mbele ya wazazi. Watoto wangu nimewasimulia habari za mwalimu Salah Farah, aliyekuwa ndani ya basi lililoshambuliwa kule Mandera, Kenya, Desemba 2015, wakati abiria Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo. Alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafa.

Baba ametangulia mbele ya haki, na kisu amekirithi kaka yangu. Wapo wanaomwita, wapo wanaochinja wenyewe, na wapo wanaochinja mbuzi wawili ili wageni wote wale. Sidai siku za zamani zirudi kama zilivyokuwa. Ninadai kile walichokifanya wazee wa 1979 bila sheria wala bunduki: mtu aulizwe alichokitenda yeye. Aliyeua atajwe kwa jina lake, apelekwe mahakamani mchana kweupe. Asiyetenda aachwe avuke Busia na hijabu yake, auze, afundishe, azike wafu wake pamoja na jirani zake. Polisi wakifuata njia hiyo, Waislamu wa mpakani watakuwa wa kwanza kuwaambia wanachokijua.