Kuiga na Kuona

Elimo Njau, mchoraji aliyeanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwaonya wasanii kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mimi, mwalimu katika chuo cha ualimu mjini Kisumu, nililivunja onyo hilo kwa miezi saba. Nisikilize kabla ya kunihukumu.

Nilitaka kujua kuchora nyuso za watu kwa rangi za mafuta, wala sikuwa na wa kunifunza. Nikatundika ukutani chapa ya picha ya Baldassare Castiglione, aliyoichora Raphael wa Italia yapata mwaka 1515, nikaiiga mstari kwa mstari. Kazi hiyo ilinifunza subira. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Tabaka la chini hutaka mafuta machache na la juu mengi zaidi, ama sivyo picha hupasuka. Ilinifunza pia kuwa kivuli si weusi mtupu, bali kina rangi yake.

Wanafunzi waliisifu picha yangu, nami, kama mgema wa methali, nikalitia tembo maji. Nilikwenda Dunga, ufukoni mwa ziwa, kumchora nyanya yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nilitumia rangi zile zile za Castiglione, nikizikoleza kidogo tu. Siku ya tatu aliisogelea picha, akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyu ni nani?"

Niliona haya. Nilikuwa nimemtazama siku tatu bila ya kumwona. Nikaanza upya, nikaona buluu ya ziwa iking'aa juu ya paji la uso wake, na wekundu wa udongo chini ya shavu. Raphael hakunipa rangi hizo; alinipa mkono wa kuzipaka. Nyanya alijitambua, akacheka. Kabla ya mwaka kwisha macho yake yalizimika kabisa.

Mwaka 1639, mjini Amsterdam, Rembrandt aliiona picha hiyo hiyo ya Raphael ikinadiwa, akainakili upesi kwa kalamu. Mwaka 1640 alijichora mwenyewe katika mkao unaofanana nao, lakini uso ulikuwa wake.

Basi, kijana, usione haya kuwa mwanagenzi. Iga mpaka mkono ujue kazi. Kisha inua macho, umtazame aliye mbele yako, maana hatakungoja milele.