Mshitakiwa wa Mto Rusizi

Mgeni atokaye katikati ya Bujumbura kwa barabara ya Gatumba hachukui muda kufika Hifadhi ya Rusizi, mahali mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Mbele yake husimama milima ya Kongo, na nyuma yake, juu ya mji, milima ya Burundi. Katikati ni matete, viboko na mamba. Huku ndiko alikopata sifa mamba Gustave, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi.

Mwaka 2007 ilitolewa Marekani filamu iitwayo Primeval. Matangazo yake yaliahidi kisa cha kweli cha muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote katika historia, wala hayakutaja mamba. Wapenzi wa sinema za upelelezi wakakata tiketi wakimtazamia mtu mwenye kisu. Kumbe ni mnyama aliyeundwa kwa kompyuta! Na Burundi yenyewe ni ya kuazima, kwani picha zilipigwa Afrika ya Kusini. Mtu wa Buyenzi akiitazama, asitafute humo ziwa lake.

Ila kosa linalonikera si la mandhari. Katika filamu hiyo, waandishi wa habari wanafunga safari baada ya mamba kumuua mwanamke wa Kizungu. Wavuvi walioliwa kabla yake hawakutosha kuwa habari. Hapo watengenezaji huenda walisema kweli pasipo kukusudia.

Mkasa halisi unaishinda filamu. Faye na wenzake, katika jaribio lililoonyeshwa mwaka 2004, walitega tundu la chuma la mita 9 hivi, kwani Gustave alikadiriwa kuzidi mita 6. Chambo baada ya chambo, hakuingia. Mwishowe wakamfunga mbuzi hai ndani, na kamera ikilinda. Usiku dhoruba ikavuma, kamera ikazimika. Asubuhi tundu limezama nusu, mbuzi hayumo. Mpelelezi atauliza: ni Gustave, au ni maji?

Hata watu 300 anaodaiwa kuwaua hawakuthibitishwa kamwe. Aliyeliwa haachi cha kupimwa. Tena nchi ilikuwa vitani tangu 1993, na nani angemfungulia jalada mvuvi mmoja?

Jioni viboko hupanda ufukweni mwa Bujumbura. Mgeni huonywa asisogelee maji, hata asipomwona mamba.